Godoro la Mwaka wa Uchaguzi

Wivu ninao, sikatai. Wengine wanaumwa malaria, mimi naumwa Sheikha. Akipaka rangi duka lake, usingizi wangu unakatika. Akicheka na mteja barazani, naona ananicheka mimi. Nyumba zetu zinatazamana hapa Rumonge, barabara ya vumbi katikati, na kila asubuhi nikitoka kuchota maji, kitu cha kwanza kukiona ni mlango wake mzito wa mbao, umefungwa, wenyewe wamelala. Hata nikirudi na maji, nikichemsha uji, nikifagia uwanja, bado wamelala! Mtu anayelala hivyo katika nchi hii ana kwingine pa kwenda.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko duka lenyewe. Babu yake alitoka Omani, na mimi nilijua moyoni kwamba mambo yakiharibika yeye atapanda ndege aende kwa wajomba zake, akanywe kahawa. Mimi Kezia nilizaliwa kambini Tanzania. Wazazi wangu walikimbia kwa boti, wakarudi wakakuta michikichi yao inavunwa na wengine. Mimi mwenyewe nimekimbia tena nikiwa na Zipora, binti yangu wa kwanza, mgongoni. Ndiyo maana nyumbani kwetu kuna desturi. Mwaka wa amatora ukifika, yaani uchaguzi, nafunga godoro. Nalikunja, natia ndani sufuria na vitambulisho, nakaza kamba ya manila, nalisimamisha nyuma ya mlango. Tunalala mkekani mpaka kura zihesabiwe na watu watulie. Ukinicheka, nenda kwanza ukalale porini na mtoto anayekohoa, halafu urudi kunicheka.

Mwaka huu Anselmo, mume wangu, alikataa.

"Mama Zipora," akaniambia, "mwaka huu hatufungi kitu. Mwaka huu tunanunua mashine."

Mashine ilikuwa ya mzee Venanti, kule njia ya Minago. Mashine ya kukamulia mawese, yenye injini, siyo hii yetu ya kuzungusha kwa mikono mpaka mabega yanalia. Venanti alikuwa anahamia Gitega kwa mtoto wake na hakutaka kuiacha nyuma. Nimekamua mawese kwa mikono tangu nirudi nchini. Kila nikilala naiota ile injini. Ukiwa na mashine, hubebi tena chikichi zako kwa mtu. Wengine ndio wanakuletea zao, wanapanga mstari mlangoni kwako, wanakuita mama.

Tulikwenda kuomba mkopo. Kijana wa ofisi ya mikopo alitukaribisha vizuri, akasifu hesabu za Anselmo, halafu akasema, "Muje baada ya amatora, mama."

"Kwani amatora yanakamua mawese?" nikamuuliza.

Akacheka, lakini hakutoa mkopo. Na si yeye peke yake. Mwaka kama huu hapa kwetu hakuna anayemwaga msingi wa nyumba. Mwenye bati analiacha dukani, mwenye shamba anapanda muhogo maana unauvuna upesi, hapandi mchikichi wa kuungojea miaka. Hatuulizi kitu kitazaa nini, tunauliza ni mwaka gani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi nyoka huyo tunamjua mpaka rangi.

Lakini tulikuwa na mawese yetu. Mabido, yale madumu ya manjano, yamejaa chumba kizima, mpaka Zipora analala jikoni. Msimu ule mawese yalikuwa mengi na bei iko chini. Tukingoja kiangazi kiingie, bei itapanda, tutauza, mashine ni yetu. Venanti mwenyewe alitukubalia.

"Nitawangojea," alisema, "lakini mujue hata Mama Taqwa anaitaka."

Mama Taqwa ni nani kama si Sheikha! Nilisikia damu imenipanda kichwani. Ana duka, ana gari dogo, ana friji la soda, na bado anataka mashine yangu! Naye, Venanti alisema, anangoja amatora yapite. Basi tukawa watu wawili tunaotazamana ng'ambo ya barabara. Anselmo, ambaye Mungu alimpa kila kitu isipokuwa busara ya kunyamaza, akaongeza, "Unaona? Sheikha hafungi kitu, hana wasiwasi hata kidogo. Tujifunze kwake."

Tujifunze kwake! Usiku huo alikula bugali bila mboga.

Wiki ya uchaguzi ilipokaribia, nilitoka na ndoo yangu alfajiri, giza bado. Nikaona taa kwa Sheikha. Nikasimama. Ule mlango usiofunguka mapema ulikuwa wazi, na gari dogo limeegeshwa kinyumenyume. Walikuwa wanapakia bila kusemezana. Magodoro mawili. Masanduku. Sufuria zimefungwa kwenye shuka. Nikamwona Taqwa, binti yake, anapandishwa mbele huku amejifunika uso, analia. Sheikha mwenyewe akaingia, na gari likaondoka taratibu, bila hata kuwasha taa, likaelekea Bujumbura.

Yesu wangu! Ndoo ilinidondoka.

Hapa kwetu godoro likipakiwa alfajiri bila mtu kuaga, huna haja ya redio. Nilirudi mbio nikamwamsha Anselmo. "Wamekimbia! Waarabu wamekimbia! Wameambiwa na wakubwa wao, wewe umelala hapa unaota mashine!"

"Labda wana safari," akasema.

"Safari ya magodoro?"

Na nitasema kweli yote: katika hofu ile kulikuwa na uchungu mwingine. Hata kukimbia ameanza yeye! Hata hilo, ambalo ni letu, ambalo tumelifanya kabla hajazaliwa, amenitangulia!

Asubuhi hiyohiyo nililifunga godoro. Fuso la mchuuzi wa Bujumbura lilipofika sokoni nikamwambia aje achukue mawese yote. Aliyaangalia mabido, akaniangalia mimi, akaona jasho. Akataja bei ya kutukana.

"Hii ni bei ya maji," nikamwambia.

"Basi ngoja kiangazi, mama."

Nikauza. Mtu anayekimbia habebi mabido. Anselmo alisimama mlangoni, anatazama watu wa Fuso wakitoa bido baada ya bido, anayahesabu moja moja. Angenitukana ningeona nafuu. Majirani walipoona naondosha mawese, na godoro limesimama mlangoni, nao wakaanza kutoa yao. Kufika mchana mchuuzi hakuwa na haja hata ya kutaja bei, alikuwa anaonyesha vidole tu.

Tukangoja.

Siku ya uchaguzi ikafika. Watu wakapanga mstari, wakapiga kura, wakarudi nyumbani wakala bugali na ndagala. Siku ya pili mbuzi walilia kama kawaida. Siku zikafuatana, hakuna hata jiwe lililorushwa. Mimi nimekaa juu ya mkeka, godoro limefungwa, nyumba inanuka mawese ambayo hayapo.

Nikamtuma Anselmo kwa Venanti, angalau aombe tuilipe mashine kidogokidogo. Alirudi amelegea.

"Imeuzwa."

"Kwa Sheikha! Si nilijua! Ametutisha makusudi ili—"

"Kwa Dusabe."

"Dusabe yupi?"

"Yule mjane wa Minago. Alikuwa amelala na malaria, hata redio yake haikuwa na betri. Alipopata nafuu akaenda na kile alichokuwa nacho. Venanti aliona watu wote wanauza, akaogopa mashine itamfia mikononi. Amempa nusu ya bei."

Dusabe! Mwanamke ambaye hakusikia lolote! Nilicheka mpaka Anselmo akadhani nimepagawa.

Siku ya pili yake, nani anavuka barabara? Sheikha, amebeba siniya imefunikwa kwa kitambaa.

"Amahoro, Mama Zipora."

"Amahoro. Mmesharudi?"

"Kurudi kutoka wapi?"

"Huko mlikokimbilia."

Akaweka siniya chini. "Kukimbia? Taqwa ameolewa! Iko mwanamume wa Buyenzi, kule Bujumbura, mutu muzuri. Hii ni pilau, leo tunafanya karamu ndogo na huku nyumbani. Nimekuletea."

"Harusi gani ya kupakia magodoro alfajiri kama wezi? Mtoto analia!"

"Mutoto anaacha mama yake, asilie?"

"Na gari kuzima taa?"

Hapo akatazama pembeni. "Utakasirika."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Ni juu ya macho yako, Kezia." Alisema polepole, bila hasira. "Mama mkwe wangu alisema vyombo vya mutoto vitoke kabla haujaamka. Eti wewe ukiangalia sahani, sahani inapasuka. Tukaogopa husuda. Wallahi, ningekualika, lakini niliogopa."

Wivu wangu mwenyewe ndio uliopakia gari lile. Kumbe wivu ni kidonda kweli, na mimi nilikuwa nakikuna kila siku mbele ya watu.

"Na mashine?" nikauliza, maana lilikuwa linaniuma. "Una pesa. Mbona hukuichukua?"

"Ningeichukuaje?" Sasa yeye ndiye aliyepandisha sauti. "Narudi kutoka Buyenzi usiku kuchukua vyombo vilivyobaki, naambiwa umeuza mawese yote! Godoro iko mlangoni! Usiku uleule nikakimbilia kwa Venanti nikamwambia basi, sinunui tena, nikarudi Buyenzi mpaka jana usiku. Nyinyi muliokimbia tangu tumboni, nyinyi ndio munasikia harufu. Kila mwaka wa amatora mimi naangalia mlango wako, Kezia. Ukifunga godoro, sinunui hata kiberiti."

"Mimi? Unaniangalia mimi?"

"Nimuangalie nani?"

"Lakini wewe una Omani!"

"Omani!" Alipiga makofi, akakaa chini kwenye kizingiti changu na nguo yake nzuri. "Omani nani ananijua? Babu alitoka kule na jina tu. Sina paspoti, sina mjomba, hata simu yao sina. Mimi nina duka na kaburi la mama yangu. Wewe jambo likitokea, njia unaijua, boti unaijua, hata kule kambini watu wanakujua. Mimi nitakwenda wapi? Nafunga mlango na komeo, nakaa macho usiku kucha, asubuhi ndiyo nalala. Unafikiri ule ni usingizi wa raha?" Akaligusa godoro langu nyuma ya mlango, akaivuta ile kamba kidogo. "Miaka yote nilikuonea wivu kwa hii."

Nilikwenda kuleta vijiko, tukala pilau pale mlangoni, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Ilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Alipoinuka kwenda, akasema, "Mwingine mwaka, kabla haujafunga, uniambie."

"Na wewe ukioza binti, unialike," nikamwambia. "Nitakuja nimefunga macho."

Akacheka. Safari hii nilijua ananicheka mimi kweli, nikacheka naye.

Asubuhi iliyofuata nililifungua godoro. Lilikuwa limeshika unyevu, linanuka ukungu. Nikalitoa nje nikalitandika juu ya ua, upande wa barabara, maana huko ndiko jua linapofika. Nikaingia ndani kuchemsha chai. Nilipotoka nikaona mwanamke aliyekuwa anakwenda sokoni na bido la mawese mapya kichwani amesimama, anatazama godoro langu. Akageuka, akarudi alikotoka. Nyuma yake mwingine akafanya vilevile. Upande wa pili Sheikha alikuwa ameamka mapema, anafungua madirisha ya duka, anashusha magunia.

Mchuuzi wa Fuso alifika sokoni hakukuta bido hata moja. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba, anaongeza bei, watu wanatikisa vichwa. "Kezia amefungua godoro," wanamwambia. "Tunangoja kiangazi." Kutoka njia ya Minago tulisikia injini ya Dusabe ikianza kunguruma. Anselmo alikuwa amekaa jikoni kwenye kitanda cha Zipora, anakunywa chai yake taratibu, ananitazama tu.

Mchuuzi akafika mlangoni kwetu, vumbi mpaka kwenye kope, akataja bei ambayo mwaka mzima sijaisikia.

"Mama, nisaidie. Wewe huna mawese?"

"Si nilikuuzia wewe?" nikamjibu, nikaenda kuligeuza godoro upande wa pili lipate jua.