Mawifi na Samaki wa Upepo

Mama mkubwa Ernestina na shangazi Luvina ni mawifi, na kwa miaka mingi hawakusalimiana. Chanzo ni samaki. Kwenye karamu ya mazishi ya baba mkubwa, mjane mwenyewe alitangaza, ukumbi mzima ukisikia, kwamba samaki, samoni aliyeletwa na wifi yake, hakukaushwa na upepo wa korongoni. Alikaushwa kwa mashine ya umeme, ile ya kukaushia matofaa. Kwetu sisi watu wa mtoni, heri uambiwe umeiba mume wa mtu.

Tungewaacha wanuniane mpaka kiama, ila kijijini kwetu hao wawili tu ndio wanaoota kwa Kihalkomelem, lugha ya wazee wetu. Sisi wengine tunakigongagonga kama mlango uliokwama. Na darasa letu la lugha, la kila Jumanne, lilikuwa limefika kwenye mazungumzo ya chakula na vinywaji. Mtu hawezi kujikaribisha chai mwenyewe.

Clyde, mwalimu wetu, alinifuata jikoni nikikaanga mikate.

"Leo wasipokaa meza moja, darasa nalifunga. Nimechoka kuzungumza na ukuta."

"Niachie mimi," nikamwambia.

Nimefukuzwa kwenye kiwanda cha mbao, kwenye mashua ya kuvulia na kwenye ndoa. Hasira naifahamu, na njaa naifahamu zaidi. Nikaweka mikate iliyokwisha kuiva kwenye sahani moja, katikati ya meza moja, na viti viwili tu mbele yake. Wakakaa. Wangefanyaje, ilikuwa ya moto.

Shangazi akafungua mfuko wake, akaweka samaki mezani taratibu kama askofu anavyoweka msalaba. Sisi wanafunzi kazi yetu ilikuwa moja: kurudia kila wanachosema, kwa Kihalkomelem, neno kwa neno.

"Karibu samaki, wifi," akasema shangazi, akiangalia dirisha.

"Karibu samaki, wifi!" tukaimba.

"Asante. Nitakunywa maji."

"Asante! Nitakunywa maji!"

"Maji hayajazi tumbo lenye ukubwa huo."

Tukarudia, tena kwa bidii. Clyde akafumba macho.

"Bora maji kuliko kula umeme."

"Bora maji kuliko kula umeme!" Mama mmoja nyuma akanyoosha mkono, akauliza "umeme" unaandikwaje.

Shangazi akaacha dirisha. Akamtazama wifi yake usoni.

"Utajuaje? Siku ile hukumwonja. Ulisema tu."

Hiyo tuliirudia kwa sauti ndogo. Wengine hawakuirudia kabisa.

Mama mkubwa akavuta samaki, akachukua kisu changu cha mkate, akakata kipande chembamba, akakitia mdomoni.

Basi samaki wa upepo hatafunwi upesi. Unambembeleza shavuni mpaka akubali. Tukangoja, midomo wazi kama vifaranga, maana chochote atakachosema tutapaswa kukisema. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mimi nilisahau mkate kwenye mafuta ukaungua.

"Upepo," akasema mama mkubwa.

"Upepo!" tukapiga kelele.

"Nyamazeni, sijameza!"

"Nyamazeni, sijameza!"

Shangazi kicheko kikamponyoka, akajifanya anakohoa. Mama mkubwa akameza, akajipangusa macho kwa kona ya shali.

"Siku ile, wifi, hata mkate nilihisi ni mchanga. Nilitaka mtu wa kumlaumu, ukapita wewe na sahani."

"Ningepita na nini, ngoma?"

"Chumvi lakini imezidi."

"Haijazidi."

"Imezidi. Niongezee."

Shangazi akakata sehemu ya tumbo, ile yenye mafuta anayoificha hata wajukuu wake wasiione. Akamtilia mkononi, si kwenye sahani. Sisi huku tulikuwa bado tunabishana darasa zima, kwa Kihalkomelem, kama imezidi au haijazidi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyechungulia daftari.

Jumanne iliyofuata somo lilikuwa la chai. Walianza kugombana kuhusu sukari kabla sijaweka hata maji jikoni, na Clyde, masikini, alikuwa akiandika mpaka jasho linamtoka.