Rangi Chini ya Nati

Taa za gari zilififia tena, na ndani ya nyumba dada wa fundi umeme alikuwa akiguna kwa uchungu wa kuzaa. Fundi alipima betri, nzima. Alipima alternata, inachaji vizuri.

“Shemeji, jua linazama!” mume wa dada alisema, akizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia.

“Anayetaga ni mkeo. Wewe tulia.”

Yeye mwenyewe hakutulia. Barabara ya hospitali ilijaa mashimo. Aliufuata kwa kidole waya mweusi wa betri mpaka ulipofungwa kwenye bodi, akalegeza nati. Chini yake paling’aa bluu.

“Shemeji, hata hapa ulipaka rangi?”

“Kila mahali! Mwanangu apokelewe na gari chakavu?”

“Rangi inauzuia umeme.”

Alikwangua hadi chuma kikaonekana, akakaza nati, akawasha. Taa zikapiga ukutani, nyeupe pe.

Shemeji aliinama kuupapasa ule mkwaruzo kwa huzuni. Ndani, mkewe akapiga kelele. Akauacha, akakimbia kumchukua, na fundi akafungua mlango wa nyuma.