Chakula cha Mwaro

Nilimnusa mume wangu mdomo alipokuwa amelala. Ilikuwa Jumamosi alasiri, siku anayorudi mapema kutoka kazini, na joto la Garsen lilikuwa limeibana nyumba yetu ya mabati hadi misumari inalia. Mwaro alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka karibu na mlango, mkono mmoja juu ya macho. Niliinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Pumzi yake ilitoka polepole, na ndani yake nikapata harufu ya kuku.

Kwetu hakukuwa na kuku. Hatukuwa tumeonja kuku tangu mafuriko. Na hii haikuwa harufu ya kuku aliyechinjwa akachemshwa. Ilikuwa harufu ya kuku ambaye hajawahi kukimbia uani wala kunyonyolewa manyoya, kuku wa unga, yule anayekaa kwenye kijipakiti kinachong'aa ndani ya tambi za dukani. Asubuhi ile nilikuwa nimemfungia chakula chake mwenyewe: kambare wa kuchemsha, mchicha, na kipande cha sima ya mtama. Nilikwenda kulitazama bakuli. Lilikuwa tupu, tena limeoshwa likang'aa.

Hilo la kuoshwa ndilo lililonitoa jasho. Tangu anioe, Mwaro hajawahi kuosha chombo.

Kabla ya maji kutufukuza tulikuwa na shamba karibu na Hewani, ukingoni mwa mto, mahali ambapo msitu unaachia nafasi kidogo kisha unaendelea. Baba yangu alitoka Ganze kuja kulifyeka. Pale shambani hatukuwa na neno la chakula kizuri na chakula kibaya. Kulikuwa na chakula, na kulikuwa na siku ambazo hakipo. Mchicha ulijiotea wenyewe kando ya migomba, kunde zilitambaa popote, na samaki tuliwapata kwa majirani Wapokomo kwa kubadilishana na mahindi. Halafu mto ukapasua kingo. Ulipita katikati ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi, ukaondoka na ghala, migomba na mbuzi, na sisi tukaishia Garsen, karibu na barabara ya lami, katika chumba cha kupanga ambacho madirisha yake yanatazama duka.

Mjini nikajifunza bei ya vitu ambavyo nilikuwa nikivichuma bure. Fungu la mchicha lililonyauka. Samaki aliyesafiri kuliko mimi. Na pembeni yake, kwenye rafu, tambi, biskuti, juisi ya unga ya rangi nyekundu, vyote rahisi, vyote vinashibisha, vyote vina picha ya familia inayocheka.

Ndipo Mwaro akaanza kunywa maji kama ng'ombe wa malishoni na kukonda mabega. Kwenye kituo cha afya wakamtoboa kidole, wakasema ni sukari. Sista Winfred, muuguzi mwenye sauti ya chini inayokufanya umsogelee, alitukalisha pamoja akatueleza: apunguze sima nyeupe, aache soda, chai isiwe na sukari, ale mboga, samaki, mtama. Alisema kwa upole, kana kwamba anatuagiza tukachote maji.

Nikaanza kupika katika sufuria mbili. Ndogo ilikuwa ya Mwaro: samaki, majani, mtama. Kubwa ilikuwa yangu na binti yangu Kanze: sima nyeupe na mchuzi wa kubahatisha, au tambi. Kanze alikuwa na ujauzito wa kwanza. Mumewe alikuwa Mombasa kwenye kazi za mjengo, akituma kitu siku akipata, na kwa hivyo Kanze alikuwa amerudi kwetu na alifanya kazi kwa Bi Mishi, akimkaangia mahamri na kuosha vyombo. Kila aliporudi kutoka kliniki nilimuuliza wamesemaje. "Wamesema niko sawa, mama." Nikashukuru, kwa sababu sufuria ya tatu sikuwa nayo.

Mwaro alikuwa bawabu wa mchana katika duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja alikanyaga msumari. Tundu dogo tu, chini ya kidole gumba. Lakini halikufunga. Lilikaa wazi wiki baada ya wiki, likawa na harufu, na tuliporudi kwa Sista Winfred akapima sukari, akatazama kile kipimo, kisha akanitazama mimi.

"Mama Kanze," akasema, "unampikia nini, kwa kweli?"

Ni neno hilo la mwisho lililonichoma. Nilimtajia chakula chote, siku baada ya siku. Akaitikia kwa kichwa bila kuamini. Mwaro alikuwa ameketi hapo hapo, mguu umefungwa bendeji, anatazama kalenda ukutani. Hakufungua mdomo kunitetea.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kumtazama mume wangu kama mtu anayetazama mlango ulioachwa wazi. Niliona kwamba anatoka mapema kuliko zamani. Niliona kwamba, njia ya kwenda kazini ikiwa ni moja kwa moja, yeye hupinda kushoto, upande wa kibanda cha Bi Mishi. Mfukoni mwa suruali yake nikakuta kijipakiti kilichopasuliwa, kile kinachong'aa. Nikakinusa. Kuku.

Bi Mishi ni mjane wa Kipini, mweupe wa meno, mwenye sauti ya kuimba hata akihesabu mahamri. Hufukiza leso zake kwa udi. Mimi hunuka moshi wa makaa na shombo la samaki niliompikia mtu mwingine. Sitasema kwamba niliwaza chakula peke yake.

Jioni moja Kanze akisuka nywele zake nje, nikamuuliza kama jambo la kupita tu, "Baba yako hupita pale kibandani kwenu?"

"Hapiti," akasema.

Alijibu kabla sijafunga kinywa. Na mikono yake ikasimama katikati ya msuko, kisha ikaendelea, haraka zaidi. Nikajua mwanangu amenidanganya, na kwamba nyumbani mwangu kuna siri ambayo wote wanaijua ila mimi. Nililala nikiwa nimewapa mgongo wote wawili.

Kesho yake, wateja wa asubuhi walipopungua, nilikwenda kwa Bi Mishi. Kanze alikuwa ametumwa sokoni. Bi Mishi alinikaribisha kigoda. Sikuketi.

"Bi Mishi, mume wangu ni mgonjwa. Unajua?"

"Najua. Mungu amponye."

"Basi unampa nini?"

Alilifuta karai kwa kitambaa, taratibu, mpaka mwisho. "Mama Kanze, mimi sikuchukulii mume. Uso wako wasema hivyo, nami nakujibu kabla hujaniuliza. Mwaro haji hapa kutaka cha mtu. Yuaja na bakuli lake."

"Bakuli nililompikia mimi."

"Hilo hilo." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata yeye alikuwa amechoka kulibeba jambo lile. "Mimi niliapishwa nisiseme, na sijasema. Lakini ukitaka kuona, njoo adhuhuri, upite nyuma. Tena uje taratibu, usije na ugomvi. Pana mja mzito."

Nilirudi nyumbani nikapika kama kawaida. Niliosha samaki, nikakatakata mchicha, nikasonga mtama, na muda wote mikono ilikuwa ikifanya kazi ya mtu mwingine. Tayari nilikuwa nimemfungia Mwaro bakuli lake asubuhi. Hili la sasa nilikuwa nalipika ili nisitoke kabla ya wakati.

Adhuhuri ilipofika nilizunguka nyuma ya vibanda, nikapita kwenye maji machafu na maganda ya mayai, nikasimama nyuma ya turubai la Bi Mishi lililotoboka. Nikachungulia.

Kanze alikuwa ameketi kwenye kreti la soda lililopinduliwa, miguu imetanuliwa kuupa tumbo nafasi. Mapajani alikuwa na bakuli la Mwaro, anakula kambare wangu. Mwaro alikuwa ameketi mbele yake chini, mguu wenye bendeji umenyooshwa, na sahani ya tambi imewekwa pembeni pamoja na gilasi ya ile juisi nyekundu. Alikuwa bado hajala. Alikuwa akichambua miiba ya samaki, mmoja mmoja, na kumwekea Kanze minofu ukingoni mwa bakuli, kama alivyomfanyia alipokuwa mtoto kule Hewani. Kanze akasema jambo, wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliozoea mahali.

Kwanza nilipata nafuu, kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine. Kisha nikapandwa na hasira. Na chini ya hasira kulikuwa na wivu ambao sikuutarajia, wa kuona kwamba walikuwa na meza yao, na mimi sikualikwa.

Nikainua turubai. "Mwaro."

Hakushtuka. Kanze alilifunika bakuli kwa kiganja, kana kwamba nimekuja kumnyang'anya.

"Hana damu," Mwaro akasema. "Kliniki walimwambia damu imeshuka. Asipokula samaki na mboga na maini, huenda siku ya kujifungua asiamke. Akaja akaniambia."

"Akakwambia wewe. Kwa nini si mimi?"

Mwaro akaanza kusema, lakini Kanze akamtangulia. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama, sufuria ya chakula kizuri ni moja. Tungekwambia, wewe ndiye ungechagua nani ale. Baba akasema hilo usibebeshwe wewe. Akasema bora achague yeye."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, yote ya kumtupia mtu mwingine.

"Nawe ukachagua kufa," nikamwambia Mwaro.

"Nilichagua tambi," akasema. "Wala si mbaya hivyo."

Akanyoosha mkono kuichukua sahani. Hapo nikafanya kitu ambacho mpaka leo Bi Mishi hukisimulia kwa wateja. Niliketi chini kwenye mchanga, nikaivuta sahani ile mbele yangu, nikala. Nilikula tambi zote huku mume wangu na binti yangu wananitazama. Nilikunywa ile juisi mpaka ule unga mwekundu uliobaki chini. Midomo iliniwaka kwa chumvi. Nilikula ili asile yeye, na zilikuwa tamu. Utamu huo uliniudhi kuliko chochote nilichokiona siku ile.

Nilipoinua uso, Kanze alikuwa amelisukuma bakuli katikati yetu. Kipande cha samaki kilichobaki alikigawa kwa kidole, akamsogezea baba yake nusu. Mwaro akaitazama. Nikamwambia, "Kula." Akala.

Baada ya siku ile tulipika katika sufuria moja. Kilichokuwa kizuri kilikuwa kidogo, na tulikila wote. Palipobaki pengo tulipajaza kwa sima. Bi Mishi akaanza kumwekea Kanze maini, akisema yalibaki, ingawa sijawahi kuona mahali maini yanabaki. Sikumuuliza.

Mguu haukutusubiri. Mwaro alilazwa Malindi, wakamkata vidole viwili. Wakati huo huo, mwezi huo huo, Kanze akajifungua salama, mtoto wa kike mzito, mwenye mapaja yaliyokunjana. Nilikuwa nikitoka wodi moja kuingia gari la kwenda kwa mwingine, na njiani nilikuwa najiuliza kama vidole vile ndivyo vilivyoingia kwenye mapaja yale. Nilimwambia Sista Winfred. Alicheka kwa upole akasema mwili hauendi hivyo, mama. Labda. Lakini yeye ndiye aliyetuagiza samaki na mboga kana kwamba vinachotwa mtoni kwa ndoo, kwa hivyo namsikiliza na kumtazama.

Maji yaliporudi mahali pake tukarudi Hewani, pamoja na Kanze na mtoto wake. Watu walituambia tumerukwa na akili. Mipaka ilikuwa imefutika, tukagombana na majirani mpaka tukapatana upya. Viboko walikuwa wameizoea njia ya shambani. Na kwenda kuchukua dawa za Mwaro ni safari ya kutwa nzima, sehemu yake kwa pikipiki na sehemu yake kwa miguu, kwa vidole alivyobakiwa navyo. Nilipalilia mpaka mgongo ukawa mbao. Lakini mto ulikuwa umetuachia udongo mweusi, laini kama unga, na mchicha ukatoka kabla hatujamaliza kuezeka.

Habari zikafika Garsen. Asubuhi moja akaja mnunuzi kwa pikipiki, kijana nadhifu mwenye makreti matupu yamefungwa nyuma. Aliutazama mchicha, akaangalia kunde, akapiga mluzi. Akasema anachukua wote, mara moja, na atatuletea chochote tunachotaka kutoka mjini, unga, tambi, mafuta, biskuti za mtoto. Tusijisumbue hata kutoka.

"Hatuuzi," nikamwambia.

Akadhani nataka bei ipande. Akaipandisha. Nikatikisa kichwa. Akaipandisha tena, kisha akatazama huku na huku, kwenye nyumba isiyo na mlango, kwenye leso yangu iliyochanika, kama mtu anayetafuta mahali nilipomficha mnunuzi mwenzake.

"Sasa mama," akauliza, "kama hamuuzi, mboga hizi mnazifanyia nini?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la adabu wakati Mwaro, aliyekuwa amechutama kati ya mistari akimshikilia mjukuu wake asimame, alipojibu bila kugeuka.

"Tunakula."

Kijana yule hakutuamini. Aliwasha pikipiki, akaondoka polepole, na mpaka anapotelea msituni alikuwa bado anageuka nyuma.