Kola ya Ukurasa wa Mwisho

Karakana ile ya sare za shule ilikuwa na watu wanne, cherehani tatu na dirisha moja. Dirisha ndilo lililoleta maneno yote haya, kwa hiyo tuanze nalo. Lilikuwa pana, limeelekea uani, na mwanga uliingia pale asubuhi ukatoka jioni watu wakiondoka. Aliyeweka cherehani yake chini ya dirisha alishona kama anayeshona nje. Wengine walikuwa chini ya balbu iliyoning'inia kwa waya, na ile balbu ilikuwa na tabia zake: ikijisikia inawaka, isipojisikia inakukonyeza.

Sasa, dirisha hilo halikuwa la mkubwa wala la mkongwe. Lilikuwa la msomaji. Kila Ijumaa saa kumi, cherehani zikishafutwa na kutiwa mafuta, kila mtu aliweka kitabu chake juu ya meza ya kukatia nguo, wakabadilishana. Lakini kitabu hukuandikiwa hivi hivi; ilibidi ukifikishe mwisho. Yule aliyekisoma kabla yako alikuuliza swali moja, ukijibu sawa, Mzee Pasi analamba ncha ya penseli na kukiandika kwenye daftari chini ya jina lako. Usipojibu, rudi nacho nyumbani ukasome kama watu. Siku ya mwisho ya kazi ya mwaka walihesabu, na mwenye vitabu vingi alihamia dirishani mwaka mzima. Wakitoshana, aliyekuwepo anabaki.

Mzee Pasi alipewa daftari kwa sababu yeye alipiga pasi tu na dirisha halikumhusu. Mtu asiye na mbuzi sokoni ndiye wa kumwachia mizani.

Aliyekuwa dirishani mwaka huo alikuwa mshona mikono ya mashati, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kinachosikika nje. Aliyelitaka dirisha alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye karakana nzima ilimwita Bi Kola. Na jina hilo hakupewa bure. Kola zake zilikaa shingoni mwa mtoto kuanzia muhula wa kwanza mpaka shati linageuka dekio, na hakumwachia mtu yeyote azikate wala azishone. Hata Mama Bosi, mwenye karakana, ambaye alikata kila kitu kingine, kola hakuzigusa.

Bi Kola hakulitaka dirisha kwa ubishi tu, ingawa ubishi nao alikuwa nao, wa kuuza na kukopesha. Alilitaka kwa sababu macho yalikuwa yanamtupa mkono. Ilianza na uzi. Alikuwa akiulenga kwenye tundu la sindano, unapita pembeni, anaulamba, anaulenga tena, unapita upande wa pili. Halafu mishono myeusi kwenye kitambaa cha buluu ikaanza kumpotea. Miwani hakutaka kuisikia. Bibi yake alianza na miwani akaishia kushikwa mkono kwenda chooni, na kichwani mwa Bi Kola mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Alijua pia kwamba siku atakayotoa kola iliyopinda, Mama Bosi atamhamishia kwenye vifungo, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ungemuua. Mwenye jina la Kola anashonaje vifungo? Kwa hiyo hakumwambia mtu. Alisoma.

Mwaka huo alisoma kama aliyefungiwa ndani ya duka la vitabu. Alisoma akipika, alisoma akisubiri mume wake atoke bafuni. Bahati yake, vitabu vilivyotoka kwa wifi yake wa dirishani vilikuwa vyepesi. Herufi nono, zimeachana vizuri, kurasa zinapita zenyewe.

"Wifi, hivi unanunua vitabu au mabango?" alimwuliza siku moja. "Hiki hata aliyekaa mwezini anakisoma."

"Wewe soma," wifi alijibu. "Kaka yangu hakuoa mchambuzi."

Na vingine havikueleweka vilitafutwa kwa akili gani. Kimoja kilikuwa cha ufugaji wa nyuki, kurasa mia na arobaini. Wote wanne walikisoma, na mpaka leo ukimkuta Mzee Pasi atakuambia malkia wa nyuki anapatikanaje, hata kama umekuja kuchukua suruali.

Ijumaa ya mwisho ya mwaka ilifika mambo yakiwa hivi: wifi vitabu thelathini, Bi Kola vitabu thelathini. Wifi alikuwa katikati ya kitabu kinene kama tofali na alishasema hakimalizi. Bi Kola alikuwa amebakiza kurasa chache za hadithi ya fundi saa aliyeletewa ufunguo bila barua, akazunguka nchi nzima akijaribu milango. Nacho kilikuwa kimeingia kupitia wifi, katikati ya mwaka. Wifi alikisoma wa kwanza, akapokea Mzee Pasi, akapokea Mama Bosi akakaa nacho miezi kwa sababu ya kazi nyingi, ndipo kikamfikia Bi Kola. Akikimaliza hicho ni thelathini na moja, na dirisha lake.

Saa ya chakula wenzake walitoka. Bi Kola akaenda kukaa kwenye kiti cha wifi, pale penye mwanga, akasoma huku mkate wake umekauka mkononi. Fundi saa alifika kwenye mlango wa mwisho. Aliingiza ufunguo. Ulikubali. Akauzungusha mara mbili, akasukuma, na ndani akaona

Basi. Ukurasa uliofuata ulikuwa jalada.

Aligeuza kitabu, akakikung'uta, akachungulia chini ya cherehani. Alipopitisha kidole kwenye mshono wa kitabu alikuta uzi umelegea, karatasi moja imechomoka. Itakuwa imeanguka kwangu, aliwaza, labda jikoni.  Halafu akajituliza, kwa sababu aliyetakiwa kumwuliza swali ni Mama Bosi, na Mama Bosi aliuliza maswali ya katikati daima. Nani angejua?

Wenzake wakarudi, kazi ikaendelea. Zilibaki kola kumi za darasa la kwanza. Alinyoosha mkono msumarini akachukua kigezo chake cha kola ndogo, kile cha kadibodi kilichobandikwa karatasi, akakiweka juu ya kitambaa, akashika chaki. Kitabu kilikuwa pale pale mezani, kiko wazi. Akakitazama kitabu. Akakitazama kigezo. Kulikuwa na vijidudu vyeusi kwenye kile kigezo, ambavyo miezi yote, chini ya ile balbu, alidhani ni uchafu wa chaki na mafuta ya mashine. Akakifuta kwa kanga, akakibeba mpaka karibu na dirisha kana kwamba anakagua ukingo.

Zilikuwa herufi. Nono, zimeachana vizuri.

Hapo akakumbuka. Jumamosi moja katikati ya mwaka, kazi ya haraka, kigezo cha zamani kimechanika. Alikuta karatasi nzuri ngumu juu ya meza ya kukatia, akaipaka gundi bila kutazama kilichoandikwa, akaibandika kwenye kadibodi, akakata. Vipande vilivyobaki vilifagiliwa. Akazishona kola kwa kigezo hicho, mashati mia mbili na zaidi. Watoto mia mbili walikuwa wanatembea na mwisho wa hadithi shingoni na hawakujua. Kwenye mkunjo wa kigezo aliweza kusoma maneno machache tu: "meza imeandaliwa", na chini yake "umechelewa", na pembeni, pale mkasi ulipopita, "vikombe vi".

Vi nini? Viwili, vitatu? Mtu akikata kola yake hukata vizuri, na Bi Kola alikuwa amekata vizuri mno.

Saa kumi ikagonga. Cherehani zikafutwa. Mama Bosi akakaa juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia.

"Haya, Bi Kola. Huyu fundi saa, ufunguo aliletewa ndani ya nini?"

"Ndani ya saa mbovu," alisema Bi Kola. "Saa ya ukutani, haina mishale."

"Ndiyo hiyo."

Mzee Pasi akalamba penseli. Na hapo, kabla hajagusa karatasi, wifi akainuka kwenye kiti chake, akaanza kufungua kamba za mto wake wa kukalia.

"Hongera, wifi," alisema, na sauti haikuwa na kijembe hata kimoja. "Umenitoa kwa haki. Ngoja nikupishe."

Laiti angenuna. Laiti angesema neno la kuudhi, Bi Kola angelikalia lile dirisha mwaka mzima na kulala usingizi. Lakini alivyomwona anahangaika na fundo la kamba, akikusanya bobini zake za uzi moja moja, alikifunga kitabu.

"Mzee, weka penseli chini," alisema. "Sijakimaliza. Hakuna anayeweza kukimaliza. Mwisho wake nimeukata kola."

Akakirusha kigezo mezani. Wakainama wote. Mzee Pasi akaketi taratibu kwenye rundo la mashati aliyokwisha kuyanyoosha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Kumbe siyo mjukuu wangu," alisema. "Mimi nilidhani mjukuu wangu ndiye aliyeichana ile karatasi. Nimemnunia wiki nzima yule mtoto. Nikaona aibu kusema kitabu cha watu kimeharibikia kwangu."

"Na mimi nimegeuza godoro nikiitafuta," alisema Mama Bosi. "Nikajiambia nimefungia vifungo nikampa mteja."

"Kwa hiyo wewe, Mzee, nilipokuuliza swali hukujua mwisho?" aliuliza wifi.

"Uliniuliza jina la mbwa wake."

Wakacheka mpaka Mama Bosi akashuka mezani kwa kuogopa kuanguka. Mzee Pasi, mtu wa haki, akafungua daftari akajifutia kitabu kimoja yeye mwenyewe, akamfutia Mama Bosi kimoja, kisha akasoma: thelathini kwa thelathini. Kicheko cha Bi Kola kiliishia hapo. Alijua maana yake. Aliyekuwepo anabaki.

"Lakini," alisema Mzee Pasi, akiinua penseli, "sheria ni mtu aufahamu mwisho. Daftari halikusema mwisho uingie kwa macho. Kuna masikio pia. Na mwenye kuujua mwisho wa kitabu hiki katika nyumba hii ni mmoja tu."

Wote wakamgeukia wifi. Alikuwa amesimama na mto wake kifuani. Akisema, anakwenda kukaa chini ya balbu. Akinyamaza, hana kosa, mtu halazimishwi kusimulia.

Akakichukua kigezo, akakigeuza mkononi.

"Wifi," alisema, "hivi hujawahi kujiuliza kwa nini vitabu vyangu vyote mwaka huu vina herufi kama vibuyu?"

Bi Kola aliinua uso.

"Mwaka jana mwishoni nilikuona unatia uzi sindanoni. Nilihesabu, mara kumi na moja. Ningekupa dirisha ungekataa, nakujua, ungesema wifi yako anakuona kizee. Kitabu hukatai. Basi nikawa nakwenda kwa wauza vitabu, siulizi hadithi inahusu nini, nafungua kurasa naangalia herufi tu. Kikiwa na herufi nono nachukua. Ndiyo maana tulisoma nyuki."

"Nyuki ni wazuri," alinong'ona Mzee Pasi.

Bi Kola alilia. Hakulia kwa adabu, alilia kwa kwikwi na pua, kanga usoni, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo hata siku ya harusi yake, na hilo wifi hamwambii kaka yake. Mwaka mzima alijiona peke yake na giza lake, kumbe mtu alikuwa anamtangulizia taa.

"Sasa nyamaza, nisimulie," alisema wifi, na yeye akijifuta macho kwa mto. "Akafungua, ndani akaona chumba, na dada yake waliyegombana naye miaka ishirini. Meza imeandaliwa, vikombe viwili. Dada hakuinuka. Akamwambia, umechelewa, chai imepoa. Fundi saa akavua kofia, akaketi, akainywa hivyo hivyo baridi. Mwisho."

"Vikombe viwili," alisema Bi Kola.

"Viwili. Andika, Mzee."

Mzee Pasi akaandika. Thelathini na moja.

Mwaka mpya ulipoanza, Bi Kola aliwahi kazini kuliko siku zote, apate kuhamisha cherehani yake kabla ya watu. Akaikuta imeshahamishwa. Ilikuwa chini ya dirisha, imetiwa mafuta, sindano imeshatungwa uzi. Wifi alikuwa chini ya balbu, amempa mgongo, anashona mkono wa shati kama hajasikia mtu akiingia.

Juu ya cherehani palikuwa na kitabu cha kwanza cha mwaka. Bi Kola alikifungua. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, zimebanana ukurasa mzima, na katikati ya kurasa kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa chaki ya fundi: Dirisha umepata. Miwani kanunue. Mwaka huu sikuhurumii.

Alitoka saa ya chakula, akanunua.