Penseli ya Madam Edda

Kila siku saa kumi jioni ilikuwa vilevile. Leonia anafuta meza, anafungua daftari la hesabu, na Madam Edda anakaa mbele yake akiwa na penseli yake ya njano. Lakini Jumatatu hiyo Madam aliitikia shikamoo kwa sauti ndogo, kisha akageuza kiti chake kikatazama ukuta.

"Leo nakupa mgongo," alisema. "Fanya la kwanza."

Leonia akachukua kalamu.

Madam Edda alimaliza chuo cha ualimu mwaka jana, na wakati akisubiri ajira alikuwa akifundisha watoto wa mtaa wa Maisaka nyumba kwa nyumba. Alikuwa na huruma mno. Mkono wa mtoto ukielekea kwenye kosa, penseli ya Madam iliinuka mezani; ukirudi njiani, ililala. Mwenyewe hakujua. Leonia alijua tangu wiki ya kwanza, akawa anaifuata, na daftari likajaa alama za vema.

Shuleni hakukuwa na penseli ile. Ijumaa iliyotangulia, kwenye jaribio la hesabu, alipata kumi na moja kwa mia.

Zilibaki wiki tatu kufika mtihani wa kidato cha pili. Baba alishatamka, na baba hasemi mara mbili: akishindwa, vitabu basi, anakwenda Hanang kwa shangazi kuchunga ng'ombe.

"Madam!" mama aliita kutoka uani, ungo wa mbaazi mikononi. "Hapa vema tele, kule kumi na moja. Au mwalimu wao ana kalamu yenye njaa?"

"Sababu ndiyo ninayoitafuta, Mama Leonia," Madam alijibu bila kugeuka.

Swali lilisomeka: saba, toa mbili mara mabano, x toa tatu, sawasawa na tano. Leonia aliandika mstari mmoja, akasita. Aliinua macho, akaona mgongo tu, na kola ya blauzi iliyofifia. Hasi mbili mara hasi tatu. Hasi sita? Chanya sita? Aliandika hasi, akafuta, akaandika chanya, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Akilini aliona ng'ombe. Aliona fimbo mkononi mwake na wenzake wakipita na sare.

Nje ungo ulinyamaza. Mama alikuwa anasikiliza.

"Umefika wapi?" Madam aliuliza. Sauti yake ilitetemeka, na Leonia akashtuka: kumbe naye anaogopa.

"Nakaribia, Madam."

"Umeandika nini kwenye mabano?"

Leonia alitazama tundu kwenye karatasi. Angeweza kubahatisha; kati ya mawili, moja lingekuwa sahihi. Na kesho je? Na baada ya wiki tatu?

Aliweka kalamu chini.

"Madam, sijui kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya. Sijawahi kujua. Nilikuwa naangalia penseli yako."