Neno Alilolikataa Muzee Kambale

Fomu ilitoka Kampala, nayo ilitaka barua ya mzazi, kwa Kiingereza, kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyohiyo. Bila barua hiyo Julienne asingepata ufadhili wa kusomea uhandisi wa maji. Ndiyo maana alimleta baba yake kwangu, mtaa wa Mapendo hapa Goma, ninakofundisha Kiingereza, kisha akatoka kutusubiri nje.

Nikafungua kompyuta. "Papa Kambale, tuanze na neno *ambitious*. Ni mtu mwenye hamu ya kufika mbali. Wale wa ufadhili wanalipenda."

"*Ambitieux*?" akaligeuza kwa Kifaransa. "Hapana, mwalimu. Ile batu tuliwaona. Kila mwenye kutaka kiti ya mwenzake alipita hapa na bunduki."

"Kwa Kiingereza linaweza kumsifu mwanafunzi, papa."

"Basi ni mubaya zaidi! Muzazi hasifu mutoto yake na kinywa yake. Andika: anajaribu kidogo."

Nilichemka. Mwaka jana nilitafsiri hayohayo, "anajaribu kidogo", kwa kijana mmoja wa Butembo, akanyimwa nafasi. Sijajisamehe. Muzee hasomi Kiingereza. Ningelichomeka tu lile neno naye angetia sahihi. Vidole vilikuwa tayari. Nikaona haya.

"Sawa, papa. Usimsifu. Mlalamikie."

Hapo akafunguka.

"Kichwa ngumu! Tulipokimbia vita kule Kalengera nilimwambia abebe sufuria, yeye akabeba madaftari. Tukapikia ndani ya bidon, ile kopo ya bati ya mafuta! Hapa Goma, bomba ikikauka, watoto wengine wanaenda ziwani, wanarudi, wanalala. Yeye anashika makaa, anachora mabomba kwenye ukuta yangu. Ukuta mupya, mwalimu! Ninamwambia atulie, tuuze maharagwe. Ananiuliza kwa nini maji inafika kwa wengine, kwetu hapana. Mimi nitajuaje?"

Niliandika yote kwa Kiingereza jinsi yalivyotoka, bila kuongeza hata neno moja.

"Imeisha?" nikamuuliza.

Alitazama mlango aliopitia binti yake alipotoka. Sauti ikashuka.

"Ongeza hii. Mukimuchukua, nitabaki kubishana na nani?"

Nikaandika hilo pia. Nikamsomea barua nzima kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, naye akaitikia kwa kichwa.

"Na ile neno yako? Sikuisema?"

"Hukulisema hata mara moja, papa."

"Sawa."

Akatia sahihi, taratibu, kisha akamwita Julienne aje amtafutie kofia yake. Ilikuwa kichwani mwake mwenyewe muzee.