Mstari Uliokata Pasipo Pake

Usiku wa jana niliota nipo darasani kwangu, Kidato cha Kwanza B, na sakafu yote ni karatasi ya grafu. Nimefundisha hisabati miaka kumi na tisa, kwa hiyo sikushangaa. Niliudhika tu kwamba haijafagiliwa.

Mlango unafunguka. Unaingia mstari mnyoofu, mwembamba, unachechemea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa kwa sababu yako. Mimi ni 2x + 3y = 12. Jana ubaoni ulisema nakata mhimili wa y kwenye sita, na wa x kwenye nne. Tangu hapo mgongo unaniuma."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikauliza una ushahidi gani.

"Muulize Tumsifu."

Nikaingiwa na hofu. Tumsifu ni binti wa dawati la mbele. Jana alinyoosha kidole akasema, "Samahani Mwalimu, nadhani umezibadilisha." Nikamwambia, "Kaa chini." Na asubuhi hii wana mtihani, swali hilohilo limo.

Sasa tupo sokoni. Tumsifu amekaa kwenye dawati lake katikati ya mafungu ya nyanya.

"Tumsifu, simama, mtihani unaanza!"

"Siwezi, Mwalimu. Uliniambia nikae."

Nikamvuta mkono. Dawati likaja naye.

"Huyo hanyanyuki hivyo," akasema mama muuza nyanya, bila kuacha kupanga. "Funika kwanza, kama unavyowafundisha."

Kweli ndiyo njia yangu: ukitaka kujua mstari unakata wapi mhimili wa y, funika x kwa kidole gumba, kwa sababu pale x ni sifuri. Nikafunika 2x. Kila kilicholala chini kikatoweka, nyanya, mikeka na mama mwenyewe. Ikabaki nguzo moja iliyosimama. Ndiyo y.

"Tatu mara ngapi ni kumi na mbili?" ikauliza nguzo.

"Nne," nikasema kwa sauti ndogo.

"Basi niondolee hiyo sita yako kichwani. Nzito."

Nikafunika 3y. Nguzo ikatoweka, soko likarudi, na mstari ukatua chini kwenye sita ukashusha pumzi.

"Afadhali," ukasema.

Lakini Tumsifu bado amekaa. Ananionyesha daftari. Palipokuwa na nne yake amefuta kwa mate mpaka karatasi imetoboka.

"Nilikuwa nimeipata, Mwalimu. Nikaifuta niandike yako."

"Mwambie!" mstari unanihimiza.

Nafungua mdomo, linatoka vumbi la chaki. Kengele ya mtihani inalia. Najikaza, nafungua tena, inatoka chaki. Wenzake wote wanaingia kwenye chumba cha mtihani, mlango unafungwa, na yeye amekaa ananitazama.

Nikaamka nimelowa jasho, kumeshakucha. Mezani kuna madaftari ya Kidato cha Kwanza B, niliyakusanya jana na sijafungua hata moja. Nikachomoa la Tumsifu.

Kwenye mhimili wa y, mahali pa nne, pana tundu. Juu yake kidogo ameandika sita yangu, kwa mwandiko safi.

Mtihani ni saa mbili. Nimetoka na ndala. Sentensi yenyewe ni fupi, "Tumsifu, ulikuwa sahihi," nami naifanyia mazoezi njia nzima. Mpaka sasa imetoka vizuri mara moja tu, mbele ya ng'ombe wa jirani.